Simu yako humjuaje jirani yake? Fomu ya baiti 28 isiyo na mahali pa sahihi

Ni jioni. Bando la mmoja limekwisha, mwenzake anamwashia hotspoti. Wamekaa benchi moja mbele ya duka, kila mtu na simu yake, na baada ya sekunde chache picha zinaanza kufunguka. Wao hawaoni zaidi ya hapo. Lakini kabla picha ya kwanza haijafika, simu ya yule aliyeishiwa bando imepaza sauti hewani na kuuliza: "Nani hapa mwenye namba 192.168.43.1?" Simu yenye bando imejibu: "Ni mimi, na anwani yangu ya kiwandani ni hii hapa."

Swali hilo na jibu lake huandikwa kwenye fomu ndogo sana, yenye baiti 28 tu. Baiti moja ni nafasi ya kutosha herufi moja ya kawaida, kwa hiyo fomu nzima ni fupi kuliko sentensi hii unayoisoma. Umbo lake lilipangwa mwaka 1982, na simu iliyotoka dukani wiki hii bado inalitumia vilevile.

Makala hii inaeleza jinsi fomu hiyo ilivyopangwa ndani ya programu za simu na kompyuta, na kwa nini kila baiti ina mahali pake. Inaeleza pia kwa nini kitu kimoja kisichokuwamo kwenye fomu hiyo kinakuhusu wewe unayetumia Wi-Fi ya stendi, ya nyumba ya wageni au ya ofisi ya ushirika.

Kifaa kimoja, anwani mbili

Kila kifaa kinachoingia kwenye Wi-Fi au kuchomekwa waya wa mtandao huwa na anwani mbili.

Ya kwanza ni anwani ya IP, kama ile 192.168.43.1, ambayo simu nyingi za Android za miaka iliyopita hujipa zinapowashwa hotspoti. Anwani hii hutolewa na mtandao unaoingia, na ina baiti 4. Ni kama namba ya kiti kwenye basi. Leo umekaa kiti namba 14. Kesho kwenye basi lilelile kiti hicho amekaa mwingine.

Ya pili ni anwani ya kiwandani, ambayo mafundi huiita MAC. Ina baiti 6 na huandikwa kwa jozi sita za herufi na tarakimu. Hiyo ni kama jina la abiria mwenyewe. Anakwenda nalo popote. Jozi tatu za kwanza humtambulisha mtengenezaji, na tatu za mwisho hutofautisha kifaa kimoja na kingine cha mtengenezaji huyohuyo.

Programu unazotumia, iwe ni ya kutuma ujumbe au ya kusoma kurasa, zinajua namba za viti tu. Lakini chombo kinachorusha mawimbi ya Wi-Fi, au kinachosukuma umeme kwenye waya, hupeleka mzigo kwa jina la abiria. Lazima awepo mtu wa kusimama katikati ya basi na kuuliza: "Kiti namba 14 amekaa nani?" Kazi hiyo ndiyo inayofanywa na kanuni iitwayo ARP, yaani kanuni ya kutafutia anwani.

Habari iliyoanzia kwenye redio

Wasikilizaji wa redio mtapenda kujua kwamba asili ya mambo haya ni mawimbi ya redio. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii, kwenye visiwa vya Bahari ya Pasifiki, kiliwasha mtandao ulioitwa ALOHA. Norman Abramson na wenzake walitaka watu waliokuwa visiwa mbalimbali watumie kompyuta kubwa ya chuo bila kutegemea nyaya za simu. Wakatumia redio. Vituo vyote vilituma ujumbe kwenye masafa yaleyale. Viwili vikisema kwa pamoja, ujumbe uliharibika, na kila kimoja kilisubiri kwa muda wake usiopangwa kisha kikatuma tena.

Mwaka 1973, Robert Metcalfe, mtafiti katika kituo cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California, alilichukua wazo hilo na kulihamishia kwenye waya. Akishirikiana na David Boggs, aliongeza adabu moja ambayo mtu yeyote wa barazani anaijua: sikiliza kwanza kama kuna anayesema, ndipo useme. Mtandao huo ukaitwa Ethaneti, kutokana na "etha", kitu ambacho wanasayansi wa karne ya 19 waliamini kimeenea kila mahali na ndicho kinachobeba mwanga. Baadaye ilionekana etha haipo. Jina likabaki.

Anwani za Ethaneti ya kwanza zilikuwa za baiti moja, kwa hiyo hazikuweza kuzidi 256. Mwaka 1980, kampuni za Digital, Intel na Xerox zilipochapisha kanuni za Ethaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, anwani ilikuwa imekua kufikia baiti 6, zinazotosha kuhesabu zaidi ya trilioni 280.

Ukuaji huo ulileta tatizo. Anwani ya IP ina baiti 4. Anwani ya Ethaneti ya baiti 6 haiingii ndani yake, kama vile debe la mahindi lisivyoingia kwenye pishi. Hakukuwa na hesabu ya kukutoa kwenye namba ya kiti hadi kwenye jina la abiria.

Novemba 1982, David Plummer alitoa waraka namba 826 katika mfululizo wa nyaraka za kanuni za intaneti. Jibu lake lilikuwa jepesi: hakuna haja ya kukokotoa, uliza tu. Kila mtu kwenye mtandao asikie swali, na mwenye namba hiyo ajibu. Ili wote waelewane, akapanga fomu ya kuulizia na kujibia.

Kadi ya salamu na shanga kwenye uzi

Wengi wetu tunazikumbuka kadi za salamu. Unainunua dukani ikiwa imekwisha kuchapwa: mimi ni fulani, wa sanduku la posta namba fulani, nawasalimu fulani na fulani. Wewe unajaza nafasi zilizo wazi. Mtangazaji naye hahangaiki, kwa sababu anajua jina la mtumaji liko wapi na wanaosalimiwa wako wapi. Kadi zikija mia, zote zinasomeka kwa mwendo mmoja.

Waandishi wa programu wana kadi zao za namna hiyo, na wanaziita miundo ya data. Tofauti ni kwamba kompyuta haioni mistari wala maneno yaliyochapwa. Kinachoingia kutoka hewani au kwenye waya ni baiti zilizofuatana, kama shanga kwenye uzi. Muundo wa data ndio unaoiambia kompyuta kwamba shanga sita za kwanza ni anwani ya mpokeaji, sita zinazofuata ni ya mtumaji, mbili baada ya hapo ni aina ya mzigo.

Miundo hii huandikwa ndani ya kiini cha mfumo endeshi, ile programu kuu inayosimamia kifaa kizima. Simu za Android hutumia kiini cha Linux, na humo kuna faili mbili fupi ziitwazo if_ether.h na if_arp.h. Ukoo wa faili hizi unafahamika. Mfumo wa BSD wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika toleo lake la 4.2 la mwaka 1983, ulitoka na sehemu ya mtandao ambayo iliigwa na wengi, na hadi leo sehemu ya mtandao ya iPhone inatokana na ukoo huo.

Ndani ya faili hizo hakuna maajabu. Kuna mstari unaotamka kwamba urefu wa anwani ya Ethaneti ni 6, mwingine kwamba bahasha ni baiti 14, mwingine kwamba mzigo wa ndani usizidi baiti 1500. Kisha kuna miundo yenyewe.

Wa kwanza ni bahasha, ambayo hubeba kila kitu kinachopita kwenye Ethaneti:

- Anwani ya mpokeaji: baiti 6
- Anwani ya mtumaji: baiti 6
- Aina ya kilichomo ndani: baiti 2

Jumla ni baiti 14. Nafasi ya mwisho ndiyo inayomwambia mpokeaji afungue kwa njia gani. Ikiandikwa 0800, ndani mna mzigo wa kawaida wa intaneti. Ikiandikwa 0806, ndani mna fomu ya ARP. Namba hizo zimeandikwa kwa hesabu ya kumi na sita, ambayo waandishi wa programu huipenda kwa sababu baiti moja hutoshea kwenye alama mbili.

Wa pili ni fomu yenyewe:

1. Aina ya mtandao. 1 maana yake Ethaneti: baiti 2
2. Aina ya namba inayotafutiwa mwenyewe. 0800 maana yake IP: baiti 2
3. Urefu wa anwani ya kiwandani, yaani 6: baiti 1
4. Urefu wa anwani ya IP, yaani 4: baiti 1
5. Kazi ya fomu. 1 ni swali, 2 ni jibu: baiti 2
6. Anwani ya kiwandani ya mtumaji: baiti 6
7. Anwani ya IP ya mtumaji: baiti 4
8. Anwani ya kiwandani ya anayetafutwa: baiti 6
9. Anwani ya IP ya anayetafutwa: baiti 4

Jumlisha, utapata 28. Huenda ukajiuliza kwa nini fomu itaje urefu wa anwani wakati kila mtu anaujua. Plummer hakutaka fomu yake itumike kwenye Ethaneti peke yake. Aliacha nafasi kwa mitandao mingine yenye anwani ndefu au fupi zaidi.

Swali kwa wote, jibu kwa mmoja

Turudi kwenye lile benchi. Simu ya mgeni ikishaunganishwa, mwenyeji huipa namba ya kiti na kuiambia kwamba njia ya kutokea kwenda intaneti ni 192.168.43.1. Mgeni anajaza fomu: kazi ni 1, anwani zangu ni hizi, anayetafutwa ni 192.168.43.1. Nafasi ya nane, yaani anwani ya kiwandani ya anayetafutwa, anaiacha ikiwa sifuri tupu, kwa kuwa hiyo ndiyo anayoitafuta.

Kwenye bahasha, mahali pa mpokeaji anaandika herufi F kumi na mbili. Hiyo ni anwani ya wote. Kila kifaa kwenye mtandao huo hulazimika kufungua na kusoma, kama tangazo la redioni la mbuzi aliyepotea: wanasikia wote, ila anayehusika ni mmoja.

Vifaa vingine vikiona namba si yao vinanyamaza. Mwenyeji anaijua namba yake. Anageuza fomu, aliyekuwa anatafutwa anakuwa mtumaji, anajaza anwani yake ya kiwandani, anaandika 2 kwenye nafasi ya kazi, na kumpelekea mgeni peke yake. Si tangazo tena. Ni kama kupigiwa simu na aliyemwona mbuzi wako.

Mgeni anaandika jibu kwenye daftari dogo lililo kwenye kumbukumbu ya simu, ili asiulize upya kwa kila neno. Daftari hilo nalo ni muundo wa data. Kila mstari wake una namba ya IP, anwani ya kiwandani na hali ya taarifa: bado tunasubiri jibu, jibu ni la karibuni, au jibu limechakaa. Linux kwa kawaida huliamini jibu kwa takriban nusu dakika kabla ya kuanza kulitilia shaka. Mifumo ya ukoo wa BSD ilizoea kulishika kwa dakika 20.

Kuhusu Wi-Fi, umbo la bahasha likiwa hewani linatofautiana na hili, lakini likishaingia kwenye simu, kiini cha mfumo hulishughulikia kama Ethaneti. Ukitumia data ya laini yako bila Wi-Fi, ARP kwa kawaida haihitajiki kabisa, kwani kati ya simu yako na mnara hakuna majirani wa kuulizana.

Kosa la baiti mbili

Kuandika muundo huu ndani ya programu kunaonekana kazi ya dakika tano. Ina mitego miwili ambayo wanaojifunza huingia kila mara.

Mtego wa kwanza ni mpangilio. Anwani ya IP ni baiti 4, na kompyuta hupenda kushika baiti 4 kama namba moja. Kwa hiyo mwanafunzi anaandika kwenye muundo wake: hapa iko namba moja ya baiti 4. Lakini programu inayogeuza maandishi yake kuwa lugha ya mashine ina mazoea yake: namba ya baiti 4 hupenda kuianzisha mahali panapogawanyika kwa 4. Kwenye fomu ya ARP, IP ya mtumaji inaanza baada ya baiti 14. Kumi na nne haigawanyiki kwa 4. Basi programu ile inasogeza mbele kimyakimya na kuacha baiti 2 tupu. Inafanya hivyo tena kwenye IP ya anayetafutwa. Fomu ya baiti 28 inageuka kuwa ya baiti 32.

Mwanafunzi akisoma maandishi yake haoni kosa lolote. Lakini fomu inayotoka kwenye kompyuta yake imesogea, na vifaa vingine vinasoma nusu ya anwani kama sehemu ya kitu kingine. Ni kama kadi ya salamu iliyochapwa mstari mmoja chini: mtangazaji anasoma sanduku la posta akidhani ni jina la mtu. Ndiyo sababu waandishi wazoefu huandika anwani ya IP humo kama baiti nne zilizopangana, moja moja, au huamuru muundo wote ubanwe pasibaki pengo.

Mtego wa pili ni upande wa kuanzia. Ukiona tarehe imeandikwa 8/6, sisi tunasoma tarehe 8 mwezi wa 6. Mmarekani anasoma mwezi wa 8 tarehe 6. Tarakimu ni zilezile, siku ni nyingine. Kompyuta nazo zimegawanyika hivyo. Kanuni za mtandao zinasema baiti nzito itangulie, lakini simu nyingi na kompyuta nyingi za mezani hushika namba kwenye kumbukumbu zikianzia baiti nyepesi. Alama ya ARP, 0806, kwa hesabu yetu ya kawaida ni 2054. Ikisomwa kinyume inakuwa 0608, yaani 1544, na hakuna kifaa kinachoitambua kama ARP. Mwandishi akisahau kugeuza, fomu yake hutupwa bila hata ujumbe wa kosa.

Karatasi iliyofungia karanga

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha jinsi nafasi tupu inavyoweza kuwa na madhara. Bahasha ya baiti 14 na fomu ya baiti 28 zikijumlishwa ni 42. Lakini Ethaneti haikubali mzigo ulio chini ya baiti 60, ukiacha baiti 4 za kukagua makosa zinazowekwa mwishoni. Kwa hiyo kila fomu ya ARP hujaziwa baiti 18 ili itimize kipimo, na kanuni ilitaka kijazio kiwe sifuri.

Januari 2003, watafiti wa usalama Ofir Arkin na Josh Anderson walionyesha kwamba viendeshi vingi vya kadi za mtandao, katika mifumo mbalimbali, havikuweka sifuri. Viliongeza urefu tu na kutuma chochote kilichokuwapo kwenye kumbukumbu baada ya fomu. Wakati mwingine kilikuwa kipande cha ujumbe uliopita hapo kabla, usiomhusu mpokeaji.

Kila aliyenunua karanga zilizofungwa kwenye karatasi kuukuu anaelewa. Umekula karanga, unakunjua karatasi, unakuta ni ukurasa wa daftari la mikopo la dukani, na majina ya wanaodaiwa yamo. Muuzaji hakukusudia kutangaza siri ya mtu. Alitaka kitu cha kufungia tu. Marekebisho yalikuwa mepesi: jaza sifuri kabla ya kutuma. Lakini kosa lilikuwa limekaa kwa miaka bila kuonekana.

Mahali pa sahihi hapapo

Sasa irudie ile orodha ya nafasi tisa. Tafuta mahali pa sahihi, mhuri au neno la siri. Hapapo.

Anayejibu "namba hiyo ni yangu" haombwi uthibitisho wowote. Zaidi ya hapo, kwa kanuni ya 1982, kifaa ambacho tayari kina namba fulani kwenye daftari lake hukubali kusahihisha anwani yake pindi kinaposikia taarifa mpya, hata kama hakikuuliza. Nia ilikuwa njema: mtu akibadilisha kadi ya mtandao iliyoharibika, wenzake wapate habari haraka. Mitandao ya wakati ule ilikuwa ya vyuo na maabara, na waliokuwamo walijuana.

Leo Wi-Fi moja ya stendi ina watu wasiojuana hata kidogo. Mmoja wao akiwa na kompyuta na nia mbaya, anaweza kuiambia simu yako: "Njia ya kutokea ni mimi." Kisha akaiambia ruta: "Ile simu ni mimi." Madaftari yote mawili yanaandikwa uongo, na kila unachotuma na kupokea kinapitia kwake kabla ya kuendelea. Intaneti yako inafanya kazi kama kawaida, pengine ikizubaa kidogo. Ni kama mtu aliyejifanya mjumbe, anapokea barua zako, anazisoma, kisha anakuletea.

Kwa nini fomu isibadilishwe? Kwa sababu ipo ndani ya mabilioni ya vifaa, kuanzia simu hadi mashine za kuchapia, na fomu mpya isingeeleweka na vya zamani. Anwani mpya za IP, zile ndefu za toleo la 6, zimeacha ARP na kutumia njia nyingine ya kuulizana, lakini nayo katika matumizi ya kawaida humwamini anayejibu. Ulinzi umewekwa mahali pengine, ndani ya mzigo wenyewe. Barua imefungwa kwa kufuli, hivyo hata ikipita mikono isiyohusika, isifunguke.

Wewe ufanye nini?

Kufuli hiyo ni ile alama ya herufi "https" mwanzoni mwa anwani ya ukurasa. Ikiwapo, aliyejipenyeza katikati anaweza kujua unawasiliana na nani, lakini hawezi kusoma ulichoandika. Simu ikikuonya kwamba cheti cha ukurasa hakiaminiki, hasa ukiwa kwenye Wi-Fi ya watu wengi, usibonyeze kuendelea. Onyo hilo ndilo dalili moja utakayoipata.

Miamala ya pesa kwa menyu inayoanza na nyota na kumalizikia na reli haipiti kwenye Wi-Fi; inapita kwenye mtandao wa laini yako. Kwa kutumia programu ya benki, ni salama zaidi kuzima Wi-Fi ya hadharani na kutumia data yako, hata kama itakula megabaiti chache.

Ukiwasha hotspoti, weka neno la siri na usiliache likienea kijiji kizima. Kila anayeingia kwenye hotspoti yako anakuwa jirani wa simu yako, anasikia maswali yake na anaweza kuyajibu. Wanaosimamia Wi-Fi ya ofisi, shule au zahanati wamuulize fundi wao kama ruta inaweza kutenganisha vifaa vya wageni visionane. Ruta nyingi zinaweza. Ni suala la kuwasha.

Ikitokea alama ya Wi-Fi imejaa lakini hakuna kinachofunguka, zima Wi-Fi, hesabu hadi kumi, kisha uwashe tena. Sababu ni nyingi, lakini mojawapo ni daftari lenye jibu lililochakaa, au vifaa viwili vilivyojikuta na namba moja ya kiti. Ukizima na kuwasha, simu inaanza kuuliza upya.

Mwisho, jaribu hili ukiwa na nafasi. Fungua mipangilio ya simu, ingia kwenye Wi-Fi uliyounganishwa nayo, utafute anwani ya MAC. Tazama alama ya pili kutoka kushoto. Ikiwa ni 2, 6, A au E, basi hiyo si anwani iliyotoka kiwandani; simu yako imejibuni jina la bandia kwa ajili ya mtandao huo. Android ilianza kufanya hivyo kwa kawaida katika toleo la 10 la mwaka 2019, na iPhone katika iOS 14 ya mwaka 2020, ili wenye Wi-Fi za kila mahali wasiweze kufuatilia nyendo zako kwa kutambua simu ileile kila inapopita.

Jina ni la bandia, lakini bado ni la baiti 6, na linaingia kwenye nafasi ileile ya fomu ya mwaka 1982.